Aliyeuliza Leo Tunakwenda Wapi

Kila ninapofungua kompyuta ya ofisi asubuhi, jicho langu hutafuta kwanza namba moja ya simu ambayo najua haipo tena. Nimejaribu kuliachisha jicho tabia hiyo, nikashindwa. Pengine nikiandika jinsi namba hiyo ilivyoingia, na jinsi mkono wangu mwenyewe ulivyoitoa, nitaweza kukaa nayo kwa amani zaidi. Na nisipoweza, basi angalau nitakuwa nimesema kweli.

Nilizaliwa Morogoro mjini, upande wa Kilakala, kwa mama Mluguru, nikakua nikiitazama milima ya Uluguru kila siku bila kuipanda hata mara moja. Kwetu sisi wa chini, milima ilikuwa mahali maji na mboga vilikotoka, na mahali mvua ilikoanzia kabla ya kuziwahi nguo zetu kambani. Nilipomaliza chuo na shahada ya kompyuta, niliajiriwa na chama cha wakulima wadogo wanaolima mboga na viungo huko juu. Kazi ya ofisi ni kupeleka mbegu na ushauri, na kutuma magari yateremshe mazao kabla hayajanyauka. Nilikuja na imani ambayo siionei haya hata sasa: kwamba programu iliyoandikwa kwa uadilifu yaweza kuwa namna mojawapo ya haki.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutengeneza programu ya kuchati kwa ajili ya wafanyakazi. Mtu aliandika swali kwenye simu yake, kama anavyomwandikia rafiki, na programu ikamjibu: gari la leo linakwenda kijiji gani, jana mvua ilinyesha milimita ngapi, miche ya kabichi imebaki mingapi, nani yuko likizo. Tuliiita Msaidizi. Msaidizi hakuuliza mtu jina wala neno la siri. Yeyote aliyekuwa na namba yake aliandika, naye akajibiwa. Uwazi huo niliuona kuwa fadhila. Nilisema katika kikao, kwa sauti ambayo leo naisikia ilivyokuwa changa, kwamba taarifa ni kama maji ya mto, hazina mwenyewe.

Jambo moja tu lilinisumbua, nalo lilikuwa la adabu. Msaidizi hakujua anazungumza na nani, kwa hiyo hakujua nani wa kumwamkia. Nikaona heri azidishe heshima kuliko kuipunguza, nikamfundisha kuanza na shikamoo kwa kila mtu. Dereva wetu, Mnyamwezi mwenye maneno mengi aliyenihesabu mtani wake tangu siku ya kwanza, alifurahi kupita kiasi.

"Marahaba, mwanangu," alikuwa akiiambia simu yake kila asubuhi, ofisi nzima isikie. Kisha ananigeukia mimi. "Injinia, hiki kitoto chako kina malezi kuliko Waluguru wote niliowahi kuwabeba."

"Kimejuaje kwamba wewe ni mkubwa, mtani? Kimeona mvi kwenye maandishi?"

"Kimeona busara. Wewe huwezi kuiona, hukuzaliwa Tabora."

Aliyenipandisha milimani kwa mara ya kwanza alikuwa bibi shamba wetu, ofisa ugani mkongwe kuliko wote ofisini. Nilikuwa nimemwomba orodha ya vijiji ili niiingize kwenye programu. Alinitazama miguuni, si usoni. "Utaandikaje ratiba ya njia ambayo miguu yako haiijui?" akasema, na kesho yake nilikuwa nyuma ya pikipiki yake, nimeshika kiuno cha mama aliyekaribia miaka sitini, tukipanda kwenye ukungu upande wa Mgeta. Alivaa mabuti ya mvua na koti la kijeshi, na juu ya koti alijifunga kanga, kwa sababu, alisema, koti ni la baridi lakini kanga ni ya watu.

Nilikwenda naye hivyo kwa miezi minane. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha namna ile kabla au baada. Kila kona alizima pikipiki kumsalimu mtu, na kila aliyesalimiwa alikuwa na habari ambayo haikuwa kwenye fomu yoyote: mfereji umebomoka, binti amejifungua, panya wamekula njegere za jirani. Tulikula magimbi ya kuchemsha kwenye vibaraza, tukiwa tumelowa, mashamba ya matuta yakishuka mbele yetu hatua kwa hatua hadi kwenye wingu. Nilikuwa nikiyatazama matuta yale na kufikiri: watu walioweza kuulazimisha mlima uwe ngazi hawahitaji kuokolewa na mimi. Kisha niliposhuka mjini nilisahau, nikaendelea kupanga kuwaokoa.

Alikuwa na kanuni moja asiyoivunja. Hakuenda kijijini bila kutuma neno siku moja kabla. "Mtu wa milimani haendewi kama mtu anayekamatwa," aliniambia. "Anatumiwa neno, anajiandaa, anakupokea. Ukimtokea ghafla umemwaibisha, hata ukimletea dhahabu." Basi kila alasiri aliketi kwenye ngazi za ofisi akiwapigia simu viongozi wa vikundi vya akina mama, mmoja baada ya mwingine, akicheka, akiuliza wagonjwa, na katikati ya vicheko hivyo akitaja siku na saa ya gari. Kutoka dirishani mimi niliona mtu anayepiga soga saa za kazi. Nakiri hapa kwamba katika waraka wangu wa kwanza kuhusu Msaidizi, nilizitaja simu zile miongoni mwa shughuli ambazo programu ingeziondolea haja.

Akastaafu. Tulikata keki, tukampa kitenge na saa ya ukutani, meneja akasoma hotuba. Wiki iliyofuata alihamia Turiani, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, ambaye alifanya kazi ya miwa huko. Pikipiki ilibaki ofisini chini ya turubai. Kwenye ngazi hakuketi mtu.

Miezi iliyofuata kazi ilikwenda vizuri kiasi cha kushangaza. Gari lilipofika kituo cha kupakilia, mizigo ilikuwa imekwisha kuteremshwa, akina mama wamekaa juu ya magunia yao wakisubiri. Hakuna honi, hakuna kuhangaika. Meneja alimsifu Msaidizi mbele ya wageni, nami niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kuwa anastahili. Hatukujiuliza akina mama wale walijuaje. Wao hawakuwa na namba ya Msaidizi.

Kisha ikaja siku ya njegere. Ratiba ya gari ilikuwa imepangwa jioni ya kuamkia siku hiyo kama kawaida, kwenda kijiji kimoja cha juu kabisa. Saa mbili asubuhi tukapata habari kwamba kalavati kwenye barabara hiyo limezolewa na maji, nasi tukalielekeza gari upande mwingine wa mlima. Niliibadilisha ratiba kwenye kompyuta kwa sekunde chache, nikanywa chai. Siku tatu baadaye barabara ilipotengenezwa, dereva nami tulipanda hadi kijiji kile. Kituoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na mikungu ya ndizi iliyoiva hadi kupasuka, na magunia ya njegere yaliyoanza kutoa joto na harufu, yamelazwa vizuri kando ya barabara, midomo imefungwa kwa kamba za mgomba.

Kiongozi wa akina mama alitukuta pale. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama.

"Tulikaa hapa kuanzia saa nne mpaka jua linazama," alisema. "Mvua inatunyeshea. Mmoja ana mtoto mgongoni. Tuliambiwa na ofisi gari linakuja."

"Mama, ofisi haikusema," nikajibu, na hapo nilikuwa naamini ninasema kweli.

"Basi mwenye sauti ya ofisi alikuwa nani?"

Dereva, ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, alishuka, akaanza kupakia magunia yaliyooza bila kuambiwa na mtu. Tuliyabeba hadi mjini. Sikumuuliza kwa nini, lakini nilielewa: hakutaka wayaone kila wakipita.

Meneja aliniita. Hakuwa mkali, laiti angekuwa mkali. "Programu yako inamjibu kila mtu," alisema. "Sawa. Ila waliolowa si sisi. Nitafutie nani anaisoma ratiba yetu."

Nilifungua kumbukumbu za mazungumzo. Sikuwa nimewahi kuzisoma kwa makini. Baada ya kuziondoa namba zote za wafanyakazi, ilibaki moja. Kila siku iliyokuwa na safari, alfajiri, saa kumi na mbili kasoro dakika chache, iliandika maneno mawili: *Leo wapi?* Msaidizi aliamkia, akataja kijiji na gari. Kisha: *Mvua ya juu?* Msaidizi akataja milimita. Kisha, kila siku bila kukosa: *Marahaba mwanangu. Kazi njema.* Nilirudi nyuma mwezi hadi mwezi, na maneno yalikuwa yale yale, hadi nikaifikia siku ya kwanza, Jumatatu iliyofuata sherehe ya keki. Sikuhitaji kuitafuta namba ile popote. Simu yangu mwenyewe ilikuwa ikiijua, kwa jina na kwa picha ya mama aliyevaa koti na kanga.

Nilimweleza meneja ni nani. "Ni mtu mwema," alisema. "Na ndiyo sababu inatupasa tufunge mlango. Mwovu tungemgundua mapema." Akanipa wiki mbili: Msaidizi amtambue kila mtu kabla ya kumjibu.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Mtu anapoandika kwa mara ya kwanza, Msaidizi humtaka athibitishe namba yake ya simu, humtumia tarakimu sita kwa ujumbe, na mtu akizirudisha sawasawa, hutafuta jina lake kwenye orodha ya wafanyakazi. Likiwemo, anaingia na kuona yanayomhusu. Lisipokuwemo, anabaki nje. Ugumu wote upo kwenye orodha. Niliingiza majina moja moja kwa mkono, na kwa kila jina niliweka umri, ili kwa mara ya kwanza Msaidizi ajue nani wa kumwamkia na nani wa kumsalimu kwa "mambo". Lilikuwa jambo nililolitamani tangu mwanzo. Nilipofika mwisho wa orodha niliandika jina moja zaidi, nikalitazama, nikalifuta.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Turiani. Sikuweza kumwacha agundue kwa kufungiwa.

Nilimkuta uani akipeta mchele. Nyuma ya nyumba miwa ilikuwa imesimama kama ukuta wa kijani, na mbali zaidi ilionekana milima ya Nguru.

"Ee! Mwanangu wa kompyuta!" alipaza sauti kabla sijamaliza hodi. "Shikamoo yako iko wapi, imebaki kwenye mashine?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Mjini hamli siku hizi, mnatazama picha za chakula?" Akanipa kigoda. Aliona ninaitazama milima. "Na wewe? Kila mgeni ananiambia, mama, si una milima hapa hapa? Nawaambia ile ni ya wenyewe. Hakuna hata mmoja ninaoujua jina la mtu wake."

Tulizungumza hili na lile, hadi nikaona kwamba kila neno la kuchelewesha ni uongo mdogo. Nikamweleza siku ya njegere. Ungo ulipunguza mwendo, ukasimama.

"Waliacha mizigo barabarani?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule mwenye mtoto mchanga alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Aliuweka ungo chini. "Mimi ndiye niliyewapigia."

"Najua."

"Umejuaje?"

Nikamwambia kwamba Msaidizi huhifadhi kila kinachoandikwa. Alifunika mdomo kwa upande wa kanga, na nilidhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha mtu aliyefumaniwa akiongea peke yake njiani. "Kumbe kila asubuhi unanisoma kama gazeti! Nami nikidhani naongea na kitu kisicho na macho." Hakukusudia kunichoma, lakini neno hilo lilinichoma, na bado linachoma. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote ofisini kwamba maneno yao yanabaki.

Kisha akakasirika, na nilifarijika kuona bado anaweza. "Ninyi nanyi! Mnakwenda kwa watu bila kutuma neno, mnapiga honi kama polisi. Nilipoondoka nilijua hakuna atakayewapigia. Nikasema basi nitapiga mimi, simu ninayo, sauti ninayo. Mlipobadilisha gari, mliwatumia neno?"

"Hapana."

"Basi kosa tumegawana. Mimi nimesema la ofisi nikiwa si wa ofisi. Ninyi ni wa ofisi na hamkusema." Akatazama mchele. "Umekuja kunifungia."

"Nimekuja kukuambia kabla."

"Umefanya vizuri. Sasa nieleze. Nikiandika, itaniuliza nini?"

Nikamweleza namba, tarakimu sita, orodha.

"Na jina langu haitaliona."

"Haitaliona, mama."

"Miaka thelathini na mmoja," alisema, si kwangu. Kuku alisogea kwenye ungo, naye hakumfukuza. Kisha akanishika mkono, juu kidogo ya kifundo, kama alivyonishika siku za utelezi. "Niandike."

"Mama..."

"Niandike, mwanangu. Sitampigia mtu tena, nakuapia. Nataka tu kujua gari liko wapi. Hapa naamka, nafagia, nakunywa chai, bado ni saa moja. Nikijua gari liko njia gani, najua sasa wamefika kwenye daraja, sasa wanapakia, sasa dereva anagombana na mtu. Siku yangu inapata mahali pa kusimama."

Nilimwambia nitajitahidi. Alinifungia mchele kwenye mfuko, kilo nyingi kuliko nilivyoweza kubeba, akanisindikiza hadi kituoni akiwasalimu watu wachache sana njiani.

Kutoka Turiani hadi njia panda ya Magole nilikuwa ninabishana na nafsi yangu. Ningeweza kuliingiza jina lile kwa dakika tatu, na hakuna ambaye angelikagua. Chuoni tulifundishwa kwamba mlango haujali anayepita ni mwema au mwovu, unajali ufunguo; na nilipofundishwa niliona ni jambo la kiufundi. Sasa nililiona jambo hilo likiwa na uso wa mtu. Nikimfungulia mmoja kwa siri kwa sababu nampenda, mwingine baada yangu atamfungulia mmoja kwa sababu nyingine, naye pia ataiita upendo. Na nilimkumbuka yule kiongozi wa akina mama aliyeitikia bila kunitazama. Lakini kila nilipofikia hitimisho, nilihisi tena vidole vile juu ya kifundo cha mkono, na hitimisho likaanza upya.

Jumatatu nilimwomba meneja waziwazi. Nilimweleza pia jambo ambalo nilipaswa kuligundua miezi mingi nyuma: kwamba mizigo iliyokuwa ikitusubiri haikuletwa na Msaidizi, ililetwa na simu za mama mmoja kutoka Turiani. Alisikiliza hadi mwisho. Akaamuru kwamba kuanzia siku hiyo hakuna gari litakalopanda bila neno kutumwa siku moja kabla, na ratiba ikibadilika neno litumwe tena kabla mzigo haujainuliwa kichwani. Akamkabidhi kazi hiyo ofisa ugani mpya. "Ni kazi halisi," alisema. "Ndiyo maana lazima ifanywe na aliyepo kazini."

"Na yeye?"

Alifikiri sana. "Mpe mvua. Vipimo vya mvua havimdhuru mtu. Ratiba hapana."

Hivyo nikaunda kundi jipya kwenye mfumo, nikaliita Mgeni, nikamwandika humo mtu mmoja. Jibu ambalo Msaidizi angempa nililiandika mwenyewe, nikalifuta na kuliandika tena mara nyingi. Mwishowe likawa hivi: *Samahani, mama. Huna ruhusa ya kuona ratiba. Unaweza kuuliza kipimo cha mvua.* Lilikuwa sentensi ya adabu kuliko zote nilizowahi kuzitunga, na sikuwahi kuichukia sentensi yangu namna ile.

Siku ya kwanza ya mfumo mpya simu yangu iliita kabla sijanawa uso.

"Mwanangu, kuna mtu ananitumia tarakimu sita. Ni matapeli?"

"Ni Msaidizi, mama. Zirudishe kwake. Usimtajie mtu mwingine."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Nne, saba..."

"Mama!"

Alicheka hadi akakohoa. Ofisini siku hiyo dereva naye alikuwa na msiba wake. Msaidizi alikuwa ameujua umri wake halisi, na badala ya shikamoo amemwambia *Habari za asubuhi, kaka*. "Injinia umenivua nguo!" alilalamika. "Jana nilikuwa mzee wa heshima, leo mimi ni kaka wa mtu!" Watu walicheka, nami nilicheka nao.

Nilifanya jambo jingine katika mfumo ule, ambalo hakuna aliyeniagiza. Nilijifungia nje mimi mwenyewe. Maneno ya watu sasa yanafichwa hata kwa anayeutunza mfumo. Ninachoweza kuona ni nani ameingia, saa ngapi, na kama kuna ombi lake lililokataliwa. Niliona ni haki, na bado naona hivyo. Lakini maana yake ilikuwa kwamba sikuyaona tena maneno yake. Niliona alama tu. Kila siku ya safari, saa kumi na mbili kasoro, Mgeni ameingia. Ombi moja limekataliwa. Ombi moja limejibiwa. Mgeni ametoka.

Kwa wiki nyingi alama zilikuwa hizo. Alijua atakataliwa, na aliuliza. Nami nilikaa mbele ya skrini nikihesabu dakika zile alizokaa ndani, mbili, wakati mwingine tatu, nikijiuliza anafanya nini baada ya samahani, kabla ya mvua. Jumapili nilimpigia nikamsimulia wiki iliyopita, kwa kuwa safari iliyokwisha si siri ya mtu. Alitaka mambo ambayo sikuwa nayo. Mto tulivukia wapi? Yule mwenye kibanda cha chai bado anakohoa? Nilikuwa nimepita pale ndani ya gari, kioo kimefungwa, nikitazama simu. Wiki zilizofuata nilishuka garini kila kona, nikasalimu, nikauliza, ili Jumapili nisiwe na mikono mitupu. Sikuweza kuwa yeye. Niliwauliza watu maswali yake, nao walinijibu kisha wakauliza: "Na mwenyewe hajambo?"

Halafu alama zikapungua: moja kwa wiki, kisha hakuna hata moja. Alipokea simu zangu kwa furaha ile ile, ila zilikuwa fupi. Niliwahi kuweka kanuni katika mfumo, nzuri na ya kawaida katika fani yetu, kwamba akaunti isiyotumika kwa siku tisini iondolewe, kwa sababu mlango usiopitwa na mwenyewe ndio apendao mwizi. Asubuhi moja skrini ikaniuliza: *Mtumiaji huyu hajaingia kwa siku tisini. Aondolewe?* Chini palikuwa na *Ndiyo* na *Baadaye*. Nilibonyeza Baadaye. Kesho yake tena. Siku ya tatu nilimpigia.

"Hujaingia siku nyingi, mama."

"Niliona haina haja, mwanangu. Nauliza gari, naambiwa samahani. Nauliza tena, samahani. Hata kama ni mashine, mtu akikuomba radhi kila siku, mwisho unamwonea huruma." Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akimwita kutoka mbali. "Na mvua bila gari ni maji tu."

Nilimweleza lile swali la kwenye skrini.

"Inakuuliza wewe?"

"Ndiyo."

"Na ukinyamaza?"

"Itauliza kwa wiki moja. Kisha itakuondoa yenyewe."

"Usiiachie," akasema. "Niondoe wewe."

Ofisi ilikuwa tupu. Gari lilikuwa limeondoka, neno likiwa limetumwa tangu jana yake. Nikabonyeza Ndiyo. Kwa tahadhari, ili mtu asifutwe kwa bahati mbaya, mfumo humtaka anayefuta aandike jina kamili la anayefutwa. Ni mimi niliyeuwekea sharti hilo. Nikaliandika: jina lake, la baba yake, la babu yake, herufi moja baada ya nyingine, polepole kuliko ilivyohitajika. Nilipolimaliza nilikaa nalo. Lilikuwa pale, zima, limeandikwa sawasawa, na mfumo ulikuwa tayari umelikubali, ukiningojea mimi nibonyeze mara ya mwisho.